Kimo na mzani kwanza, ndipo familia ipande boya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie hoja ya msomaji mwenzangu wa hapa Mwanza, ambaye katika barua yake aliuliza kama ni busara kwa familia ya kipato cha kati kutoa fedha za likizo ya Desemba kwa ajili ya kupanda boya la familia katika bustani ya michezo ya maji, au kama huo ni ufujaji ambao mzazi anayejua kwamba Januari ana ada ya kulipa hapaswi hata kuufikiria. Swali hilo tumelizungumza sana nyumbani, kwa kuwa kaka yangu anaishi Dubai, na tulipomtembelea na wanangu tulipanda boya la aina hiyo. Tangu hapo ndugu na majirani wanaojiandaa kusafiri hunijia kuuliza kama kweli lina faida. Jibu langu ni kwamba lina faida, lakini kwa masharti mawili ambayo wazazi wengi hawayaulizi. La kwanza, mtoto aliye mdogo kuliko wote katika familia awe amefikia kimo kinachotakiwa. La pili, bustani yenyewe iwe na mhudumu mwenye mzani na mwenye mamlaka ya kuwakatalia watu. Pasipo hayo mawili, fedha hizo afadhali zibaki nyumbani.

Kwa ambao hawajaliona, boya la familia ni mpira mkubwa wa duara uliojazwa upepo, wenye nafasi za watu wanne hadi sita wanaokaa wakitazamana, miguu ikikutana katikati, kila mmoja akiwa na vishikio kando yake. Hupelekwa juu ya mnara, mara nyingi kwa mkanda unaozunguka, kisha husukumwa kwenye mfereji mpana wa faibaglasi ambao pampu huumwagia maji muda wote. Maji hayo si mengi kama mtu anavyodhani akiwa chini. Ni tabaka jembamba tu, na kazi yake ni kupunguza msuguano ili boya liteleze, lipande kuta za kona, lijizungushe, hadi litue katika bwawa la chini. Kwa kuwa linajizungusha, hakuna anayejua ni nani atakayeshuka akitazama mbele na ni nani atakayeshuka kinyumenyume, na mzazi mwenye mtoto mwoga anapaswa kumweleza hilo mapema, wakiwa bado ardhini. Safari kwa kawaida ni ya dakika moja au mbili. Ipo mitelezo mirefu sana, kama ule unaoitwa Mammoth katika bustani ya Holiday World, jimbo la Indiana nchini Marekani, ambao ulifunguliwa mwaka 2012 ukiwa na urefu wa takriban mita 537 na maboya ya duara ya watu sita yanayopandishwa vilima kwa nguvu ya sumaku. Mingi ni mifupi kuliko huo.

Anayepima thamani ya kitu hiki kwa dakika ataona hasara tupu, kwa sababu familia inaweza kusimama kwenye foleni saa nzima kwa ajili ya safari inayokwisha kabla mtu hajamaliza soda. Mimi sipimi hivyo. Nimezoea, kama akina mama wengi wa mji huu, kwamba tukienda kwenye burudani yoyote na watoto, iwe ni ufukweni mwa ziwa siku ya Jumapili, iwe ni kwenye viwanja vya bembea wakati wa Idi au Krismasi, kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki nikilinda mabegi, viatu na simu za watu, huku nikihesabu vichwa kila baada ya muda. Baba watoto hukaa upande mwingine na wanaume wenzake. Watoto wanacheza, wakubwa wanaangalia, na tukirudi nyumbani kila mmoja ana habari zake. Katika mitelezo ya mtu mmoja mmoja hali ni hiyohiyo: mtoto anapanda mnara peke yake na kushuka peke yake, nami nimesimama chini na taulo.

Boya la familia ni miongoni mwa vivutio vichache ambavyo mama naye hana budi kuketi ndani. Hawezi kushika begi wala simu, hawezi kuangalia pembeni, na watoto wanamwona usoni akipiga kelele kama wao. Binti yangu mkubwa, ambaye amefika umri ule ambao mzazi hujibiwa kwa neno moja moja, aliniita kwa sauti kwenye kila kona, na jioni ile ndiye aliyeisimulia mezani safari nzima, akieleza nilivyofumba macho na nilichosema tulipokuwa tunatua. Nilisikiliza kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Msomaji aliyeuliza kama jambo hili ni ufujaji nadhani hakulitazama kwa upande huo, upande wa mzazi ambaye kwa miaka mingi amekuwa mlipaji wa furaha ya wanawe bila kuwamo.

Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kwamba boya hili lina thamani pale tu ambapo familia yote inaweza kukaa pamoja ndani yake, na hapo ndipo kimo na mzani vinapoingia.

Pale juu ya mnara tulikuta jukwaa pana la chuma lililotandikwa mpira, nami nikadhani ni sehemu ya sakafu tu, kumbe ni mzani. Kila kundi lililotaka kupanda lilisimama juu yake kwa pamoja, na jumla ikatokea kwenye kioo kidogo mbele ya mhudumu. Uzito wa mtu mmoja mmoja haukusomwa, kwa hiyo hakuna mama aliyeona haya mbele ya foleni. Mhudumu, kijana mdogo tu, aliitazama namba, akatutazama sisi, akatupanga: mume wangu huku, kaka yangu mkabala naye, mimi upande huu, binti mkubwa upande ule, na mdogo karibu na mimi. Akalishikilia boya kwa mguu lisicheze huku tukiketi. Akatuonyesha kwa mikono jinsi ya kuegemeza mgongo na jinsi ya kushika vishikio, akasubiri hadi kila mmoja wetu, pamoja na mdogo, aonyeshe kwamba ameelewa, ndipo akaangalia taa na kutusukuma. Kabla yetu kulikuwa na kundi ambalo jumla yake ilizidi. Kijana yule aliwaambia wagawanyike mara mbili. Baba wa familia ile alifoka kwamba amelipa kwa ajili ya wote na hakuja kugawanywa. Kijana hakubishana naye, alimwonyesha ubao wenye viwango, akaweka mguu wake juu ya boya na kusubiri. Foleni nzima ilingoja. Mwishowe waligawanyika. Nilimheshimu sana kijana yule, na mpaka leo nikiulizwa ni kitu gani kilinihakikishia kwamba fedha zetu hazikupotea, namtaja yeye kabla ya kuutaja mtelezo.

Uzito una maana kubwa kuliko tunavyodhani. Boya lililobeba watu wazito huteleza kwa kasi kuliko lililobeba watu wepesi, kwa kuwa mvutano wa dunia huongezeka sawasawa na uzito, ilhali upinzani wa hewa na wa maji hauongezeki kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo mtaalamu anayesanifu mtelezo huweka kiwango cha chini na kiwango cha juu. Boya likiwa chini ya kiwango linaweza kupungukiwa kasi na kukwama njiani, na nyuma yake linakuja jingine. Likizidi kiwango, linapanda ukuta wa kona juu kuliko ilivyokusudiwa, na bwawani linatua kwa kishindo. Hata jumla ikiwa sahihi, watu wakikaa vibaya upande mwepesi huinuka, na ndiyo maana mhudumu anayejua kazi yake huwapanga abiria mwenyewe bila kuwaachia wachague pa kukaa.

Sisemi haya kwa nia ya kutishana, kwani mamilioni ya watu hupanda maboya haya kila mwaka na kurudi kwao salama. Lakini ajali zimetokea, na zinafundisha. Katika mji wa Kansas City, jimbo la Kansas nchini Marekani, ulijengwa mtelezo ulioitwa Verrückt, wenye kimo cha zaidi ya mita 51, ukafunguliwa mwaka 2014 na kutangazwa kuwa mrefu kwenda juu kuliko yote duniani. Boya lake lilichukua watu watatu waliokaa mmoja nyuma ya mwingine. Agosti 2016, mtoto wa miaka 10 aliyekaa mbele, nyuma yake wakiwa wanawake wawili waliomzidi uzito kwa mbali, alipoteza maisha baada ya boya kuruka kwenye mlima wa pili wa mtelezo huo na kugonga vyuma vilivyoshikilia wavu wa juu. Mtelezo ulifungwa, na mwaka 2018 ukabomolewa. Mzazi anayeona neno "mrefu kuliko yote" kwenye tangazo na kuvutwa nalo, naomba alikumbuke tukio hilo.

La pili lilitokea mwaka huohuo, tarehe 25 Oktoba, katika bustani ya Dreamworld huko Gold Coast nchini Australia, kwenye kivutio cha mto wa kasi ambacho watu sita hukaa ndani ya chombo kimoja cha duara. Kivutio hicho kilikuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1986. Siku hiyo pampu moja ilizimika, maji yakashuka, chombo kitupu kikakwama mwisho wa mkanda wa kupandishia, na chombo kilichokuwa na watu kikaja kukigonga kutoka nyuma. Watu wazima wanne walikufa. Watoto wawili waliokuwa ndani wakapona. Uchunguzi ulionyesha kwamba pampu ileile ilikuwa imezimika mara mbili kabla ya hapo siku hiyohiyo, na kila mara kivutio kikawashwa tena na watu wakaendelea kupanda. Mwaka 2020 kampuni mmiliki ilitozwa faini ya dola za Australia milioni 3.6. Kutokana na hilo nina ushauri ambao najua ni mgumu kwa mzazi aliyelipa na mwenye watoto waliokwisha kuchangamka: mkiwa kwenye foleni mkaona mtelezo umesimamishwa, ukawashwa, ukasimama tena, tokeni kwenye foleni hiyo hata kama mmebakiza familia moja mbele yenu. Vipo vivutio vingine vya kupanda siku hiyo.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji mfano kutoka mbali ili tuelewe maana ya kiwango cha uzito juu ya maji. Tarehe 21 Mei 1996 tuliipoteza meli ya MV Bukoba karibu kabisa na bandari ya Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, ambacho uwezo wake uliokubalika ulikuwa watu 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa na watu wengi kupita uwezo huo, na zaidi ya 220 wakafa. Katika mkoa huu ni vigumu kukutana na mtu ambaye hakumfahamu yeyote aliyekuwamo. Nashangaa, na nasema hili kwa uchungu, kwamba baada ya misiba hiyo bado tukisimamishwa na mhudumu anayehesabu au anayepima tunamwona kuwa anatusumbua. Nimewasikia wazazi wenye heshima zao wakimbembeleza mhudumu wa mtelezo: "Kijana, si mtoto mmoja tu huyu, mwache akae na mama yake." Maneno hayohayo husemwa gatini.

Sasa kuhusu kimo. Bustani nyingi zinazofuata utaratibu wa Marekani hutumia vipimo viwili vya kawaida, inchi 42 na inchi 48, ambavyo ni takriban sentimita 107 na 122, kutegemea ukali wa mtelezo na kama mtoto ana mtu mzima kando yake. Kwa viwango vya makuzi vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa wastani wa miaka 7 ana kati ya sentimita 120 na 122. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza au la pili anaweza kukataliwa kwa upungufu wa sentimita moja, akiwa amekwisha kupanda ngazi zote za mnara, mbele ya ndugu zake waliopita. Kilio cha mtoto wa namna hiyo nimekiona, na kinaharibu siku ya familia nzima. Kwa hiyo mpimeni nyumbani kabla hamjakata tiketi: asimame wima ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, wekeni kitabu kichwani, pigeni mstari kwa penseli. Msimvalishe soli nene wala msimfundishe kusimama kwa vidole. Kimo kiliwekwa kwa sababu mtoto mfupi hafikii vishikio vizuri, miguu yake haipati pa kujikita, na shingo yake bado haina nguvu za kuhimili mtikisiko wa kona. Mtoto anayesaidiwa kudanganya anakaa katika nafasi ambayo haikutengenezwa kwa mwili wake, na mama aliye kando yake hawezi kumshika, kwa kuwa naye ametakiwa kushika vishikio vyake.

Mdogo akiwa bado hajafika, basi familia itagawanyika: mzazi mmoja atabaki chini naye kwenye bwawa la watoto, na wengine watapanda. Katika hali hiyo mimi nashauri msubiri mwaka mmoja au miwili. Bustani haihami. Nasema hivyo nikijua kwamba wakubwa watanung'unika, lakini kile ambacho mnakinunua kwa bei hiyo, yaani kukaa wote mkitazamana, hamtakipata, na kwa mtelezo wa kawaida wa mtu mmoja wakubwa watafurahi vilevile kwa kiingilio kilekile. Jambo hilo la kumsubiri mdogo ni gumu zaidi kwa familia zetu ambazo husafiri na watoto wa shangazi na wa baba mdogo kwa pamoja, na ambazo mdogo wa msafara huwa hakosi kuwa mtoto wa miaka mitatu. Hapo pangeni mapema bibi au mama mdogo yupi atabaki naye kwa hiari yake, kuliko kuamua mbele ya mnara ambapo atakayebaki ni yule asiyeweza kusema hapana. Na bibi mwenyewe, kama ana shinikizo la damu, moyo au mgongo, asishawishiwe kupanda. Hali kadhalika mjamzito.

Kuhusu fedha, swali la kwanza la kuuliza ni kama boya limo ndani ya kiingilio au hulipiwa pembeni. Likiwa ndani ya kiingilio, uamuzi ni mwepesi, kwani mmekwisha lipia. Likilipiwa kila mara mnapopanda, pandeni mara moja mkiwa wote. Ulizeni pia kuhusu kabati za kuhifadhia vitu, chakula, maji ya kunywa na kukodi taulo, kwa kuwa hapo ndipo fedha za familia hupotea kimyakimya. Ile bustani ya Indiana niliyoitaja huwapa wageni vinywaji baridi, mafuta ya kujikinga na jua na maegesho bila malipo ya ziada, na mzazi akilipa langoni anajua siku itamgharimu kiasi gani. Ningependa wawekezaji wetu waige utaratibu huo. Kuhusu foleni, fikeni lango linapofunguliwa, siku ya katikati ya wiki kama ratiba inaruhusu, na nendeni kwenye boya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, maana ikifika saa tano asubuhi watu wote wameamkia huko.

Nisingemshauri mtu afunge safari kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na nauli za watu watano au sita kwenda na kurudi, kwa ajili ya mitelezo ya maji peke yake, iwe ni ya Kunduchi au ya penginepo. Lakini wengi wetu tunakwenda Dar hata hivyo, kwa harusi, kwa matibabu, kwa kuwaona wazee, na watoto hukaa sebuleni kwa ndugu wakitazama televisheni wiki nzima. Anayekwenda kwa sababu hizo na akatenga siku moja kwa jambo hili, baada ya kuuliza kama huko aendako lipo boya la familia, simlaumu hata kidogo. Vivyo hivyo kwa wafanyabiashara wanaokwenda Dubai kununua mizigo na safari moja wakaamua kuwachukua wanao.

Wapo wanaosema kwamba ziwa lipo hapa bure, basi mtoto akitaka maji apelekwe Luchelele au Igombe akaoge ashibe. Wanaosema hivyo wanasahau kichocho. Vimelea vya ugonjwa huo huishi ndani ya konokono wa kandokando ya ziwa, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na ndiyo sababu wanafunzi wa mkoa wetu hugawiwa dawa ya praziquantel shuleni. Tena kuna mamba na viboko, na kuna miamba ambayo hatua moja mtoto amesimama, hatua ya pili hana chini. Bwawa lenye maji yaliyotibiwa kwa klorini halina konokono. Hata hivyo, klorini si kinga ya kila kitu: kipo kimelea cha kuhara kiitwacho kriptosporidiamu ambacho huweza kuishi siku kadhaa katika maji yenye klorini ya kutosha, kwa hiyo mtoto anayeharisha asipelekwe bwawani hata kama tiketi imekwisha katwa, na wote waonywe wasimeze maji. Maji ya bwawa zuri yanaonyesha sakafu waziwazi. Mkiyaona yamefifia, rudini langoni mkaulize.

Hapa kuna jambo ambalo naliweka juu ya boya, na juu ya burudani zote za maji. Kama fedha za familia zinatosha kitu kimoja tu mwaka huu, zilipieni masomo ya kuogelea ya watoto hapahapa Mwanza, kwenye mabwawa ya hoteli zetu. Kupanda boya hakumfundishi mtu kuogelea. Mtoto hubebwa, hushuka, hutoka kwa ngazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa watoto na vijana, na mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Mtoto wa mkoa uliozungukwa na ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000 anastahili kujua kuogelea kabla ya kujua kuteleza. Akijua kuogelea, hata siku ya boya ataifurahia zaidi, maana atatua bwawani bila hofu, na mama yake vilevile.

Kuhusu mavazi niseme kwa kifupi, kwa kuwa akina mama wengi huniuliza. Khanga na nguo pana haziruhusiwi kwenye mitelezo kwa sababu zinaweza kunasa, na suruali zenye zipu, vifungo au misumari ya chuma hukataliwa kwa kuwa hukwaruza faibaglasi na kuwaumiza wanaofuata. Lakini nguo za kuogelea zenye staha, zinazofunika mwili mzima na kichwa, zinakubaliwa katika bustani nyingi mradi zimeshonwa kwa kitambaa cha kuogelea. Mimi nilivaa hizo, na hakuna aliyenizuia.

Kwa mamlaka zinazosimamia viwango na usalama mahali pa kazi, ombi langu ni kwamba cheti cha ukaguzi wa kila mtelezo, chenye tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kibandikwe mahali ambapo mzazi anakisoma kabla ya kulipa, si ofisini kwa meneja. Ikitokea siku moja mwekezaji akajenga bustani ya namna hii kwenye mwambao wetu, jambo ambalo ningelifurahia sana, mzani uwekwe juu ya mnara tangu siku ya kwanza, na mhudumu anayekataa kundi lililozidi uzito alindwe na mwajiri wake dhidi ya mteja mwenye cheo au mwenye fedha.

Na kwako, Ndugu Mhariri, naomba hili. Kila ikaribiapo likizo gazeti lako huchapisha kurasa za maeneo ya kutembelea, zikiwa na picha nzuri na bei za viingilio. Tafadhali waelekeze waandishi wako waulize na kuandika, pamoja na bei hizo, kimo cha chini kwa kila mtelezo, kiwango cha uzito wa kila boya, na kama boya limo ndani ya kiingilio. Mzazi aliyeko Nyegezi au Buswelu ataweza kumpima mwanawe ukutani na kupiga hesabu yake jioni ileile, kabla hajawaahidi watoto kitu chochote.

Mama wa watoto wawili,
Nyakato, Mwanza.